Konokono Wangu Walipopelekwa Malishoni

Watu wakisikia unasoma shahada ya uzamili, wanakuona umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, miwani puani, vitabu vimepangwa hadi darini. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope la Ziwa Babati, maji yameshaingia kwenye buti, nimeshika chujio kubwa nililolifunga kwenye mpini wa jembe, natafuta konokono. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu zao walinisalimia kwa heshima zote, kisha nikiwapa mgongo wakaangua kicheko. Sikuwalaumu. Mwalimu mzima wa sekondari, mama wa watoto wawili, anachota konokono anawapeleka nyumbani, na hata hawali.

Ningependa kusema kwamba nilichagua utafiti huo kwa mapenzi. Ukweli ni kwamba nililichagua ziwa kwa sababu lilikuwa karibu. Mume wangu anafanya kazi machimboni Mererani, anarudi mwisho wa mwezi na vumbi hadi masikioni. Watoto wetu wa kike wawili walikuwa shule ya msingi. Mimi nafundisha baiolojia katika sekondari moja upande wa Singe, na nyumba yetu iko Nakwa. Chuo kiko mbali, basi linakula siku nzima. Masomo ya darasani niliyamaliza likizo baada ya likizo, nikilala chumba kimoja na vijana ambao wangeweza kuwa wanafunzi wangu. Ulipofika wakati wa utafiti nilimwambia msimamizi wangu kwamba nitaufanyia Babati au sitaufanya kabisa. Akaniuliza Babati kuna nini. Nikamjibu kuna ziwa, kuna kichocho, na niko mimi.

Alicheka, akakubali. Nadhani aliona kichwa changu ni kigumu akaogopa kupoteza muda.

Kichocho nilikuwa nakijua kabla ya kukisoma kitabuni. Kila mwaka darasani kwangu kuna mtoto anayekaa nyuma ameshika tumbo, hana nguvu, walimu wanamwita mvivu. Mdudu wake hukulia ndani ya konokono wa majini. Akikomaa anatoka, anaogelea, anatafuta ngozi ya mtu aingie. Nilitaka kujua ni sehemu zipi za ufuko wetu zina konokono wenye mdudu huyo, na hali inabadilika vipi kutoka masika hadi kiangazi. Nikachagua sehemu tano: wanakotua wavuvi, wanakofulia akina mama, kwenye bustani za mboga, kwenye matete, na pale wanakonyweshewa ng'ombe. Kila mzunguko ilinibidi nichote sehemu zote tano, bila kuruka hata moja, mwaka mzima.

Namna ya kumpima konokono ni rahisi hata ukimweleza mtoto. Unamweka kila mmoja kwenye glasi yake, peke yake, na maji ya ziwa uliyoyachuja. Asubuhi unaanika glasi juani. Mwanga unawaamsha wadudu, na kama konokono anao, wanamtoka. Unachukua tone la maji, unaliweka chini ya hadubini, na unawaona: vijidudu vyembamba, mkia umegawanyika ncha mbili, wanajirusha huku na huku kama wamewekwa kwenye kikaango. Kama hana, unaona maji matupu.

Kwa hiyo nilihitaji glasi. Zilianza kwenda za kila siku, zikafuata za wageni, mwisho nikafungua boksi la glasi za harusi yangu ambazo hazijawahi kuguswa. Watoto wakahamia vikombe vya plastiki. Mgeni akija anapewa chai kwenye kikombe cha bati, na aliyekuwa na akili hakuuliza kwa nini. Jirani yangu mmoja aliacha kabisa kunywa kitu kwangu, hata soda ya chupa iliyofunguliwa mbele yake.

Mtu pekee aliyeuliza waziwazi alikuwa mama mkwe wangu. Yeye ni Mbarabaig wa uwanda wa Hanang. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alimleta akae nasi mjini, naye alikuja na sharti moja: ng'ombe wake watatu waje pia. Ni mrefu kuliko mlango wetu wa jikoni, mikono imejaa bangili za shaba, na Kiswahili chake kina uzito wa lugha ya kwao. Jina langu halitaji, ananiita Mwalimu hata mbele ya wajukuu. Aliwakagua konokono wangu siku ya kwanza kama mtu aliyekwenda mnadani.

"Mwalimu," akasema, "hii mifugo yako haina pembe, haina maziwa, haina ngozi. Unafuga nini?"

"Nafuga shahada, mama."

"Inazaa?"

"Ikizaa nitakuambia."

Tangu siku hiyo akawaita mifugo ya Mwalimu. Nikirudi kutoka ziwani ananiuliza kama wote wamefika salama. Nilidhani ananitania tu. Yeye kila asubuhi alikuwa akiwapeleka ng'ombe wake ziwani, na mwanzoni aliwanyweshea kwenye bustani za mboga, mahali ambapo konokono wake walizifanya glasi zangu zichemke wadudu. Nilimkataza. Nilimwonyesha ile sehemu nyingine wanakonyweshewa ng'ombe wa wengi, ambayo kila mzunguko iliniletea maji matupu chini ya hadubini. Nikamwambia pale ni salama, awe anasimama pale. Alinisikiliza. Moyoni nilijisikia fahari, maana utafiti wangu ulikuwa haujaandikwa hata ukurasa na tayari ulikuwa umemfaa mtu wa nyumbani mwangu.

Sasa, mwaka wa utafiti ulikuwa umeshanikimbia mara moja. Mwaka wa kwanza niliugua kiangazi chote, rekodi zikabaki na pengo, na chuo kikaniongezea muda. Nilipoomba tena, msimamizi alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana niliogopa.

"Mama, huu ndio muda wa mwisho. Masika unayo. Kiangazi chote unacho isipokuwa mzunguko huu mmoja. Mvua ikinyesha kabla hujachota, hakuna kiangazi kingine. Watafunga faili lako."

Nikamwambia halitafungwa. Nilisema kwa sauti kubwa mno, watoto wakatoka chumbani kuangalia nagombana na nani.

Na kulikuwa na jambo la hadubini. Ilikuwa mali ya shule. Mkuu wa shule aliniruhusu kuitumia nyumbani mwisho wa wiki, lakini kidato cha nne walikuwa wanakaribia mitihani ya vitendo, na alishaniambia kwamba kuanzia Jumatatu ile haitoki tena maabara. Kwa hiyo nilikuwa na mzunguko mmoja, mwisho wa wiki mmoja, na mawingu yaliyoanza kukaa juu ya Mlima Kwaraa kila alasiri, meusi upande wa chini. Ziwa letu mvua ikishaanza linapanda, ufuko unahama, na konokono wa kiangazi hupati tena.

Kwa kawaida nilichota Ijumaa jioni nikaanika Jumamosi, siku ninayoshinda nyumbani. Safari hii niliogopa kungoja, nikachota Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikapanga glasi kwenye meza nyuma ya nyumba, kila kundi na kibandiko cha sehemu yake. Nikazungushia wavu wa kuku. Nikawaonya watoto kwamba atakayegusa atajuta. Kisha nikaenda kufundisha vipindi viwili, nikiwa na uhakika kwamba nitarudi na hadubini wadudu wakiwa wameshatoka.

Niliporudi glasi zilikuwa tupu. Zilikuwa zimeoshwa, zimefunikwa juu ya kichanja cha vyombo, zinang'aa. Katikati ya meza palikuwa na beseni la bluu la kufulia, na ndani yake walikuwamo konokono wote, wa wavuvi, wa wafuaji, wa bustani, wa matete na wa ng'ombe, wamepanda juu ya majani ya mchicha, wanakula. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda na fimbo yake ya kuchungia mapajani. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Mifugo yako ilikuwa na njaa."

Nikainama juu ya beseni.

"Nimekuta kila mmoja amefungiwa peke yake. Jua kali. Hakuna jani. Ndama ukimfungia namna hiyo, jioni unamkuta amekufa. Nimewafungulia. Ona wanavyokula."

Walikuwa wanakula kweli. Sijawahi kuona konokono wenye furaha namna ile.

Jambo la kwanza nililouliza lilikuwa kuhusu mikono yake. "Mama, umeingiza mikono kwenye yale maji?"

"Niingize mikono kwenye uchafu? Nimetumia upawa."

Nilishusha pumzi, kisha damu ikanichemka. Nina hasira za karibu, hilo kila mtu anayenifahamu analijua, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nilipiga kelele. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia miaka yote hii imeishia kwenye beseni la kufulia. Kwetu, mimi niliyezaliwa Njombe, huwezi kumpandishia sauti mama mkwe, na kwao ni vibaya zaidi. Nilijua hivyo nikaendelea. Yeye alisimama taratibu, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe wake.

Nikabaki na beseni. Konokono wa kichocho ni mdogo, wa kahawia, ukimwangalia huyu umeshamwona na yule. Hakuna alama inayosema huyu alitoka kwa wavuvi na huyu alitoka kwenye matete. Nilijaribu kumkumbuka hata mmoja. Nikakaa kwenye kigoda alichokiacha mama mkwe nikalia, na sioni haya kusema.

Nikampigia mwalimu mwenzangu wa kemia. Yeye alishamaliza uzamili wake, na kila nilipokwama alikuwa ndiye wa kumlalamikia. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka hadi akakohoa, kisha akaniambia kwa nia njema kabisa:

"Mwalimu, acha kujitesa. Una rekodi za mwaka mzima. Unajua kwa wavuvi huwa wanatoka wangapi, kwenye bustani wangapi. Pale kwa ng'ombe imekuwa sifuri mwaka mzima, andika sifuri. Nani atakuja kuhesabu konokono wa Babati?"

"Hakuna."

"Basi."

Alikuwa na hoja, na ndiyo iliyonitia hofu. Ningeweza kukaa mezani nikajaza jedwali lile kabla chai haijapoa, na lingependeza kuliko la kweli. Msimamizi angefurahi. Lakini nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikiwaambia wanafunzi kwamba andika ulichokiona, hata kama kinakuudhi, hata kama jirani yako amepata kingine. Nikiwafundisha hivyo mchana halafu niandike ya kubuni nyumbani, ningeingiaje darasani? Na kusema kweli, zaidi ya maadili kulikuwa na kiburi. Nimevumilia tope, vicheko na viboko wa ziwani, halafu shahada yenyewe niipate kwa kukisia! Nikamwambia asante, nikakata simu.

Jioni mama mkwe alirudi. Nilikuwa najiandaa kumwomba radhi, nimeshapanga maneno, lakini yeye alinitangulia. Kwao mnyama mwenye njaa ni aibu ya boma zima, awe wa nani, na hakuona kwamba amekosea kulisha. Alichokuwa amekifikiria huko alikokuwa ni kitu kingine.

"Wale wa kwanza uliwatoa wapi?"

"Ziwani, mama."

"Ziwa limehama?"

"Hapana."

"Sasa mtu akipotelewa na ng'ombe, anakaa analia au anatoka?"

Nikamwomba radhi kwa zile kelele. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Akasema kesho tutakwenda wote, yeye ataangalia viboko.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo safari hii nilitakiwa kuwa shuleni na kidato cha nne kwa sababu ya mitihani yao. Nilimpigia mkuu wa shule asubuhi na mapema. Sikumdanganya kwamba mtoto anaumwa, nilimwambia ukweli, kuanzia beseni hadi mchicha.

"Mwalimu, shule hii siyo maabara yako."

"Najua, mkuu. Nitafidia kipindi kila jioni wiki ijayo. Lakini leo nakwenda ziwani. Ukiniandikia barua ya onyo nitaisaini."

"Hadubini Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi iko mezani kwako."

Hakuniandikia barua. Aliniambia nimsalimie mama mkwe.

Tulianza kwa wavuvi kabla jua halijapata nguvu. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani yamefika karibu na mji, na upepo ulikuwa na ile harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mimi nilikuwa nazamisha chujio, natikisa, naokota, naweka kwenye chupa ya sehemu hiyo. Mama mkwe alisimama ukingoni na fimbo begani, anaangalia maji kama anavyoangalia uwanda. Kwenye matete alinishika kola ya shati akanivuta nyuma. Sikuona kitu. Baada ya kitambo kiboko akaibuka mbali kidogo na pale nilipokuwa nimeinama, akapumua, akazama tena. Wavuvi siku ile hawakucheka. Sijui kama ni kwa sababu ya kiboko au kwa sababu yake.

Sehemu ya mwisho ilikuwa pale wanakonyweshewa ng'ombe. Matone ya kwanza yalitupata hapo. Mama mkwe alitaka kuvua viatu aingie kunisaidia, kama alivyozoea kuingia na ng'ombe wake, nikamkatalia kwa sababu sikuwa na buti za pili. Nikachota peke yangu huku mvua inanipiga mgongoni, nikahesabu hadi nikatimiza idadi yangu. Tulipofika nyumbani tulikuwa tumelowa chapachapa. Usiku ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Asubuhi mtoto wa jirani alituambia kwamba maji yameshafunika mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi.

Jumapili kanisani hatukwenda. Jua liligoma kutoka nusu ya asubuhi, nami nikawa nazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda na fimbo yake, analinda glasi. Watoto walipokaribia aliwaambia, "Leo hakuna anayekula hapa." Hata kuku walielewa. Jua lilipotoka nikaliacha lifanye kazi yake, kisha nikaleta hadubini nikaanza glasi ya kwanza.

Kwa wavuvi nilipata kama nilivyozoea. Kwa wafuaji vilevile, kwenye bustani wengi, kwenye matete wachache. Mwalimu wa kemia angekisia karibu sawa kabisa. Nikabakiza glasi za ng'ombe, nikazifanya haraka kidogo, maji matupu, maji matupu, maji matupu. Halafu nikaweka tone la glasi nyingine na chini ya hadubini kitu kikajirusha.

Nikatoa kioo nikakisafisha. Nikachukua tone jipya. Wakawa wengi zaidi, mikia ya ncha mbili, wanapiga maji. Nikaangalia kibandiko. Nikaangalia chupa niliyowatoa. Nikanawa mikono, nikabadilisha kioo, nikachukua tone la tatu nikiomba liwe tupu. Halikuwa tupu. Konokono mmoja, katika sehemu ambayo mwaka mzima nilikuwa naandika sifuri. Sehemu ambayo mimi mwenyewe nilimwonyesha mama mkwe kwa kidole nikamwambia asimame pale.

"Umepata mgonjwa?" akauliza. Alikuwa ameuona uso wangu.

Nikamwachia kiti. Alikuwa hajawahi kuchungulia hadubini, alifumba jicho lisilotakiwa, nikamsaidia. Alipowaona, bangili zake zikatulia.

"Wako hai."

"Ndiyo, mama."

"Hawa ndio wanaoingia mwilini?"

"Ndiyo."

"Wametoka wapi?"

Nilitaka kumwambia ni konokono mmoja tu. Nilitaka kuanza na maelezo, jinsi mwalimu anavyofanya akiwa hana jibu zuri. Nikamwambia, "Kwa ng'ombe."

Alijiangalia miguu. Miguu mirefu, mikavu, yenye nyufa kisiginoni, iliyosimama ndani ya yale maji kila siku kwa neno langu.

"Uliniambia pale pasafi."

"Palikuwa pasafi, mama. Sasa si pasafi. Nisamehe."

Nilianza kulia tena, mara ya pili ndani ya siku tatu, na safari hii sikuwa na hasira ya kujifichia. Yeye aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu. Maji yakiharibika, watu wanahama. Tumehama maisha yetu yote. Unalia nini? Andika."

Nikaandika. Moja, kwenye safu iliyokuwa na sifuri peke yake. Jumatatu asubuhi hadubini ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule.

Hospitalini muuguzi alimpima mama mkwe akasema hakuna kitu, lakini akatuambia turudi baada ya wiki kadhaa, maana mdudu akiingia haonekani mara moja. Tuliporudi alionekana. Wakampima uzito, wakampa vidonge vingi vikubwa ameze pale pale. Alivimeza kimoja kimoja akinikodolea macho, akashinda siku nzima anasikia kizunguzungu, na kwa wiki nzima aliwaambia majirani kwamba mkwe wake msomi amempa dawa ya farasi. Majirani wakaja kuniuliza mimi, wananong'ona getini, kama na wao wanaweza kupimwa. Hata yule aliyekataa soda yangu alikuja.

Ng'ombe hatukuwapeleka ziwani tena. Tuliwanywesha nyumbani, maji ya bomba kwenye toroli na madumu, na ng'ombe watatu wanakunywa bila huruma. Tuligawana zamu, yeye na mimi, na zamu yangu nilikuwa nainung'unikia kila siku.

Siku ya kutetea utafiti nilivaa gauni la harusi ya mdogo wangu kwa sababu ndilo lililokuwa limepigwa pasi. Walimu wa chuo walikaa mbele yangu nyuma ya meza ndefu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ndogo, alipitisha kalamu juu ya jedwali langu ikasimama kwenye ile moja.

"Hapa mwaka mzima ni sifuri, halafu mzunguko wa mwisho kuna mmoja. Tena hii sampuli umeichota mara ya pili. Huoni kwamba huyu anaweza kuwa kosa? Chupa zimechanganyika, kibandiko kimekosewa. Mwingine angemwondoa."

Nilijua angeniuliza. Nilimweleza kuhusu beseni na mchicha, wote wakacheka, hata msimamizi wangu aliyekuwa anajikaza. Nikangoja wamalize.

"Siyo kosa," nikasema. "Yule aliyewalisha konokono alikuwa anasimama mahali pale kila siku. Naye alikutwa na kichocho. Angeweza kukipata kwingine, hilo silikatai. Lakini simwondoi."

Yule mtu mzima aliniangalia kidogo, akaweka kalamu chini. Wakanitoa nje nikasubiri kwenye benchi. Waliponiita wakaniambia nimefaulu, nirekebishe sura mbili na michoro.

Nilimpigia mume wangu, hakupatikana, yuko chini ya ardhi. Nikapiga nyumbani. Mtoto mkubwa akampa bibi yake simu, naye kama kawaida akaishika mbali na sikio akaanza kupaza sauti.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, mama."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Vizuri. Panda basi urudi. Leo nimevuta maji peke yangu, kesho ni zamu yako."